Mahindi Yaliyovaa Pakiti za Unga

Mliponiaga nikistaafu pale ofisini, kati ya soda na keki, mmoja wenu aliniuliza ninawaachia nini. Nikasema ninawaachia gambuti zangu, vile viatu vya mpira, ya kulia inavuja. Mkacheka, nami nikacheka, lakini nilipofika nyumbani niliona lile swali lilistahili jibu la mtu aliyeketi. Basi nimeketi. Vyeo mtavikuta kwenye faili, na mshahara wa serikali mnaujua wenyewe, tusiharibu siku. Nitawasimulia kazi, hasa ule msimu wa Buruburu, maana mpaka leo nikiukumbuka hucheka peke yangu jikoni na wajukuu huja kunichungulia mlangoni.

Nilitumwa Eastlands mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo cha kilimo na cheti changu ndani ya bahasha. Wenzangu walipelekwa Kitale na Nyandarua, kwenye mashamba ambayo ukiita mtu upande huu, wa upande ule hasikii. Mimi nikapewa mitaa ya jiji. Kuanzia Pumwani mpaka kule Tassia, ambako wakati huo hakukuwa na hayo maghorofa mnayoyaona bali nyasi na ule udongo mweusi unaomvua mtu viatu, yote hayo niliambiwa ndiyo shamba langu. Jina nilipewa siku ile ile. Awe mwanamume awe mwanamke, afisa wa kilimo nchi hii ni bwana shamba, kwa hiyo nikawa bwana shamba, na sketi yangu. Vijana wa Jogoo Road wakiniona nimevaa gambuti jua likiwaka walikuwa wananiita, "Niaje, bwana shamba! Leo unalima lami gani?" Nami nawajibu, "Yenye mashimo, imeshapigwa jembe." Tukazoeana.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Oduor, mtu mrefu, mpole, aliyevaa tai hata akiwa ndani ya samadi. Siku ya kwanza hakunionyesha meza. Alinitembeza kutwa nzima bila kunifundisha kitu, isipokuwa kunyoosha kidole: sukuma wiki ndani ya gunia, nduma kando ya mtaro, mahindi kati ya barabara na ukuta wa mtu. Jioni tukiwa tumechoka ndipo aliposema, "Umeona? Watu wa hapa wanalima kushinda wa mashambani. Shida ni kwamba wanalima mahali ambapo si pao. Kwa hiyo usimwambie mtu ang'oe kitu kabla hujamuuliza kimetoka wapi." Nikaitikia, ndiyo bwana, huku nikifikiria miguu yangu.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi za mbegu, panga, kisu cha kukunja, na mfuko wa kuchukulia udongo. Kazi yenyewe ilikuwa moja: kuwahimiza watu wapande haibridi, zile mbegu za kisasa za pakiti. Niliifanya kwa bidii mpaka watoto wakiniona wanaimba "haibridi, haibridi" kama wanaomkaribisha mwuza aiskrimu.

Ndipo alipokuja Mama Nekesa.

"Hodi humu! Bwana shamba yuko?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

Akanitazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye gambuti. "Wewe?"

"Mimi."

"Woi! Basi Mungu ni mwema, nitasema bila haya." Akaketi, kiti kikalia. Alikuwa mama wa Bungoma, mjane mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, aliyekuja Buruburu, mmojawapo wa mitaa yangu, kuishi na mwanawe Wafula, karani wa serikali. Akatoa hindi kavu ndani ya leso na kuliweka mezani kwangu polepole, kama anayelaza mtoto. "Mwanangu, mahindi yangu yanaota mvi."

Sikuwa nimewahi kuona hindi kama lile. Lilikuwa na punje nyeusi, za zambarau, nyekundu iliyokolea na nyingine za samawati, zote zimekaa mstari mmoja bila kugombana. Lakini katikati yake, hapa na pale, zilikuwa punje nyeupe pe. Alisema zamani hakukuwa na nyeupe hata moja. Kila msimu akivuna zimeongezeka.

Kisha akanieleza kilichomtoa nyumbani. Kwa akina mama wa ukoo wao, binti akiolewa, kitu cha kwanza anachowekewa kikapuni si sufuria wala blanketi, ni mbegu ya mahindi yale. Mama yake alimpa yeye, na bibi yake alimpa mama yake. Nyumbani Bungoma mbegu ilikwisha, wote wamehamia haibridi, na dada yake ndiye aliyepika zile za mwisho mwaka wa njaa. Zilizobaki duniani, kwa kadiri alivyojua, zilikuwa zake, kwenye kipande cha ardhi alichokilima kando ya reli. Na sasa Nekesa, binti yake wa pekee, alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja kijana wa Murang'a aitwaye Mwangi.

"Nitampa nini?" akaniuliza, na kile kicheko kikawa kimemtoka kabisa. "Nimpe mvi?"

Nilimpelekea Bwana Oduor habari nikiwa na wasiwasi, maana serikali ilinilipa nieneze haibridi, si kuokoa mahindi ya kina bibi. Alilitazama lile hindi, akanyoosha tai. "Tumeambiwa tuwaambie watu wapande haibridi," alisema. "Sijasikia tukiambiwa tuwakataze kupanda kingine. Nenda, lakini usiniaibishe."

Chanzo cha mvi nilikiona mara tu nilipofika kando ya reli. Mahindi huoana kwa upepo. Lile ua la juu hutoa vumbi la manjano, vumbi hilo huanguka juu ya ndevu za hindi, na kila unywele mmoja huzaa punje moja. Pembeni ya mashina ya Mama Nekesa, bega kwa bega, yalisimama mahindi meupe ya jirani yake Baba Ciku, fundi wa makochi, mtu wa Nyeri mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kila upepo ukivuma, haibridi ya Baba Ciku ilikuwa inaposa upande wa pili bila mahari.

Nikamwomba akate yake mapema.

"Nikate?" Baba Ciku alishika kiuno. "Bwana shamba, si ni wewe ulikuja hapa ukaniambia nipande haibridi? Si ulinipimia na kamba yako?"

Ni kweli, nilimpimia kwa kamba yangu.

Ikabaki njia moja tuliyofundishwa chuoni: kufunika. Hindi changa hufunikwa kabla ndevu hazijachomoza, ili vumbi la jirani lisiingie. Ua la juu nalo hufunikwa, ulikusanye vumbi lake mwenyewe. Asubuhi umande ukishakauka unatikisa, unachanganya vumbi la mashina mengi, usitumie la shina moja tu maana mbegu itadhoofika, halafu unafunua ndevu haraka, unanyunyiza, unafunika tena kabla upepo haujajua kilichotokea. Ukitaka ndevu zitokee sawasawa, jana yake unazikata ncha kwa kisu kikali. Chuoni tulikuwa na mifuko maalumu. Buruburu tulikuwa na pakiti za unga wa ugali.

Pakiti za unga ni imara, jamani. Tatizo ni kuzipata nzima, maana watu wetu hufungua pakiti kwa hasira. Nilizunguka mlango kwa mlango nikiomba tupu zisizopasuka, na wengi walidhani serikali imefikia hali hiyo. Nyumbani kwa Mama Nekesa ugali ulisongwa asubuhi, mchana na jioni ili pakiti zipatikane, mpaka Wafula akauliza kwa upole kama wali umepigwa marufuku. Kila pakiti tuliipangusa vizuri, kwa sababu unga ukibaki ndani wadudu huja, na tukazibana kwa vibanio vya nguo.

Asubuhi moja Buruburu iliamka ikakuta mahindi kando ya reli yamesimama yamevaa pakiti za unga kichwani na kiunoni. Mungu wangu, watu walivyocheka! Walikuja kutoka mitaa mingine. Kijana mmoja alisimama, akashika mdomo, akasema, "Wasee, cheki! Mahindi imejipaki yenyewe! Imebaki tu kusagwa!" Mama mmoja wa kanisani alitaka kuyaombea. Mama Nekesa alisimama katikati ya shamba lake kama bibi harusi, mikono kiunoni, akiwajibu wote. "Chekeni! Yangu yana nguo, yenu yako uchi!"

Nasi tulicheka siku zote zile za kunyunyiza. Vumbi la mahindi huingia puani, ukipiga chafya umepoteza kila kitu, basi tulifanya kazi tumeziba pua kwa leso tukitazamana kwa macho tu, na Mama Nekesa hakuweza kutazamwa usicheke. Mara ngapi nililazimika kukaa chini kwenye udongo nikishika mbavu! Ndevu zilipokauka na kuwa kahawia tuliziacha pakiti papo hapo, ili tujue wakati wa kuvuna ni mahindi yapi ya mbegu. Kilichobaki kilikuwa kuyaacha yakauke shambani tu.

Hapo ndipo wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja kujua nyumbani, ile ziara ya kwanza ya kuonana na wazazi wa binti.

Mama Nekesa alinialika. "Njoo ukae upande wetu, tuonekane wengi," alisema. Basi nikawa shangazi wa Nekesa kwa siku moja, nimevaa viatu vya kawaida na miguu inashangaa. Wakwe walikuja watu wachache, baba yake Mwangi, mzee asiye na maneno mengi, na Mama Mwangi, mwanamke mwembamba, mchangamfu, mwenye kiondo kizuri, kikapu cha kusukwa, kwapani. Kuku akaliwa, chapati zikaliwa, maneno yakawa matamu. Nekesa alikuwa ameinamisha uso huku Mwangi akiitazama dari ya Wafula kama anataka kuinunua. Baba Ciku naye, kwa furaha ya kuona watu wa kwao wamekuja kuoa jirani, alikuwa akiingia na kutoka akisaidia hiki na kile bila kutumwa.

Chai ilipoanza kumiminwa, akaingia na sinia kubwa. Harufu ilimtangulia.

"Wageni hawaondoki kwetu bila mahindi ya kuchoma!" akatangaza.

Niliangalia lile sinia. Kati ya alama za makaa, punje zilikuwa na zambarau. Zilikuwa na wekundu. Nikamtazama Mama Nekesa. Alikuwa akimimina chai kwenye kikombe cha mzee, na aliendelea kumimina, kikombe kikajaa, sahani ikajaa, kitambaa cha meza kikaanza kunywa. Yule mzee kwa heshima alisogeza miguu tu.

Tulimvuta Baba Ciku jikoni na kufunga mlango.

"Umeyatoa wapi?" nikamnong'oneza.

"Si pale shambani kwa mama! Yale ya pakiti."

"Kwa nini ya pakiti, Baba Ciku? Kwa nini usichukue yako?"

Alitutazama kama tumerukwa na akili. "Lakini yamefunikwa! Kitu kikifunikwa nyumbani ni cha nani? Vile vikombe vya kabatini ni vya nani? Mimi nashona makochi, kila mtu anayafunika vitambaa, watoto hawakalii, yanangoja nani? Wageni! Nikaona, ah, Mama Nekesa ana akili, ameyatunza ya wakwe. Ningewaletea yangu yasiyo na nguo?"

Katika nchi hii nzima hakuna mtu angewaza tofauti. Mama Nekesa alifungua mdomo apige kelele, badala yake kikatoka kicheko, kidogo kwanza, kisha kile cha madirisha, akajiziba kwa aproni na machozi yakimtiririka, na sikujua tena analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Nikaambukizwa. Baba Ciku, asiyejua kosa lake, akacheka pia.

"Yote?" hatimaye Mama Nekesa akauliza. "Umeyachoma yote?"

"Hapana. Yale makubwa kabisa nimemfungashia mama mkwe na maganda yake. Yako kwenye kiondo."

Tukaacha kucheka. Mahindi mabichi yaliyoanza kushika rangi yanaweza kuwa mbegu, ukiyakausha vizuri. Akiba ya zamani tulikuwa tumeipanda yote, na shambani halikubaki hindi la pakiti hata moja; mbegu ya ukoo mzima ilikuwa imekaa sebuleni, kwapani mwa mkwe. Na mkwe haombwi alichopewa, hasa siku ya kwanza, hasa kama binti yako bado hajaondoka. Ukifanya hivyo posa inaweza kurudi na gari lile lile.

"Nitawaambia serikali inayahitaji," nikasema. "Yana ugonjwa."

"Uwaambie wakwe zangu nimewalisha ugonjwa?"

Tulirudi sebuleni. Nikajaribu ustaarabu. "Mama, nikupokee hicho kiondo, kisikuchoshe."

"Asante mwanangu, tumezoeana," akasema Mama Mwangi, akakibana zaidi. Wageni walikuwa wanasimama, wanashikana mikono. "Na haya mahindi nimeyapenda rangi. Nikifika tu nayatia chunguni na maharagwe."

Mama Nekesa alikuwa mlangoni. Nilimwona akishika fremu ya mlango.

"Mkwe wangu, usiyapike."

Nekesa aliinua uso kwa mara ya kwanza. Baba yake Mwangi akaketi tena.

"Sisemi uyarudishe," Mama Nekesa akaendelea. "Nimeshakupa, ni yako. Ila hayo si chakula. Hiyo ni mbegu aliyonipa mama yangu nikiolewa, na hakuna nyingine. Nilitaka nimkabidhi Nekesa siku ya harusi, aje nayo kwako. Jirani ameiharakisha. Basi imefika kwako kabla yake. Nakuomba tu umtunzie."

Mama Mwangi alikaa, akaweka kiondo mapajani, akatoa hindi moja na kufunua ganda kwa kidole gumba, kidogo tu. Akaangalia zile rangi. "Kwetu tuliyaita githigu," alisema polepole. "Marehemu mama yangu alikuwa nayo. Nilidhani yameisha duniani." Kisha akageuka kwangu, maana alikwisha kuambiwa kazi yangu. "Shangazi bwana shamba, haya mabichi yanakaushwaje?"

Nilimweleza. Usiyavue maganda, yaning'inize kivulini penye hewa, yasikaribie moshi mpaka yakauke. Nikamwambia na ukweli, kwamba yamevunwa machanga, mengi yatakataa kuota, pengine yote. Mama Nekesa aliusikia ukweli huo akiwa amesimama pale pale mlangoni.

Harusi ilifanyika. Wakati wa kukabidhi kikapu, Mama Nekesa alimpa binti yake kikapu kitupu mbele ya watu wote. Watu wakaguna, akasema, "Mbegu imetangulia," akarudi kuketi. Baada ya hapo alianza kuja ofisini kwangu. Mkwe haulizwi, kwa hiyo aliniuliza mimi, kama kwamba serikali ina masikio Murang'a. "Hujasikia kitu?" Sijasikia, mama. "Mvua huko imenyesha?" Imenyesha. Anakaa kidogo, anaondoka. Kando ya reli alikuwa hajapanda chochote, na Baba Ciku kwa huzuni alikuwa amemwachia mlangoni gunia la haibridi ambalo hakuligusa. Ulikuwa wakati mgumu kumtazama mwanamke yule asiyecheka.

Msimu ukapita, mwingine ukaanza, na asubuhi moja nikaitwa Buruburu kwa haraka. Nilikimbia na gambuti zangu. Nikamkuta Mama Mwangi sebuleni, kiondo mezani, na Mama Nekesa amesimama mbali nacho kama kitamuuma.

Mengi yalikataa kuota, alisema Mama Mwangi, kama nilivyoonya. Yaliyokubali yalikuwa machache, na Nekesa aliyapanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kwao ni juu milimani kwenye mashamba ya chai, kulia chai, kushoto chai, mpaka macho yachoke, hakuna anayepanda haibridi wala mahindi yoyote karibu. Hawakuhitaji pakiti hata moja.

Akatoa hindi. Mama Nekesa alilipokea kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha, akipitisha kidole mstari kwa mstari, akitafuta nyeupe. Alifika mwisho, akaanza tena upya. Nyeusi, zambarau, nyekundu, samawati. Hakuna nyeupe hata moja. Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani ya nyumba zao, akamshika mkwe wake wakazunguka meza wakicheza, nami nikacheza nikiwa na matope yangu juu ya zulia la Wafula, na Baba Ciku aliyekuja mbio akacheza bila kuuliza tunacheza nini.

Alipopata pumzi, Mama Nekesa alilibusu lile hindi. "Kesho asubuhi nalipanda kando ya reli."

Mama Mwangi akakohoa. "Kuna ujumbe kutoka kwa Nekesa," alisema, akitazama chini kwa haya. "Amesema hili ni la kuangalia tu, nilirudishe. Amesema usipande huko, upepo wa hapa utaiharibu tena. Ukitaka kupanda, uje kwake, atakuonyesha mahali."

Tuliogopa wote kumtazama. Mama Nekesa alinigeukia, hindi kifuani, macho yamejaa maji na uso wote umefunguka.

"Bwana shamba, umesikia?" alisema. "Mtoto wangu ananinyima mbegu yangu!" Na akalirudisha kwenye kiondo mwenyewe, akacheka mpaka madirisha yakatikisika.